Pete kwenye taa za dagaa

Daftari langu la dagaa lina safu tano: tarehe, idadi ya ndoo, bei ya kununulia, nauli, bei ya kuuzia. Mwanzoni mwa 2023 niliongeza ya sita, nikaiacha bila jina. Humo nilikuwa naandika herufi K kila siku niliyorudi nyumbani kichwa kinauma. Sikuwa na wazo lolote la udaktari. Nilitaka tu kujua ugonjwa unanila kiasi gani, kwa sababu siku nikiumwa nachagua ovyo, nanunua dagaa waliolala, na mteja wangu wa Tabora akifungua gunia anakata bei bila kunionea haya.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari, hapa Kigoma. Mshahara wa mwalimu mnaujua, sina haja ya kuusimulia. Dagaa ndio wanaonisomeshea watoto. Saa kumi usiku niko mwaloni Kibirizi nasubiri mitumbwi irudi, saa kumi na mbili namwachia Mama Shukuru mzigo aanike, na kengele ya shule ikigonga nimesimama mbele ya ubao, nimeoga, nimepaka mafuta, na vidole bado vinanuka ziwa.

Mgeni akifika mwisho wa reli usiku huuliza ule mji wa ng'ambo unaitwaje. Si mji. Ni taa za wavuvi. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, lakini kazi yake ni ile ile, kuwadanganya dagaa wapande juu. Giza likiwa totoro, ziwa linawaka kuanzia huku mpaka usikoona. Mimi nilikuwa nazitazama taa hizo, na kila moja ina pete: bluu kwa ndani, nyekundu kwa nje, kama upinde wa mvua uliokunjwa ukaungwa ncha. Nilidhani ni ukungu wa ziwa. Kusema kweli nilikuwa nazipenda.

Kichwa kilifuata baada ya pete. Kilianzia juu ya nyusi ya kulia, kana kwamba mtu ameweka kidole gumba pale na anazidi kubonyeza. Jicho lenyewe linakuwa zito, limejaa. Halafu, na hapa ndipo nilipopaswa kushtuka, jua likishapanda vilima vya nyuma ya mji, kinaachia. Saa mbili asubuhi, niko darasani na mwanga wote wa madirisha, sina tatizo. Nikilala pia kinaachia. Ni kichwa kilichokuwa na saa yake.

Nilipimwa malaria mara nne. Mara tatu kipimo hakikuona kitu, na katika hizo tatu mara mbili nilipewa dawa mseto hivyo hivyo, "kwa tahadhari". Nilipimwa presha ya damu, iko sawa kama ya msichana. Niliambiwa ni kipandauso, nikapewa vidonge. Niliambiwa ni umri, nikanunua miwani ya kusomea. Mwaloni kwenyewe akina mama waliniambia nimekaliwa na kitu cha ziwani, kwa sababu wao waliona jambo ambalo hakuna aliyevaa koti jeupe aliyeliona: kichwa changu kilikuwa kinafuata mwezi. Siku za mbalamwezi sina neno. Giza likirudi, nimeshika paji la uso. Mimi, msomi, niliwacheka.

Mwaka 2024 serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Tulilia njaa, lakini hilo lina makala yake. Ninachotaka mkione ni kwamba safu ya sita ya daftari langu katika miezi hiyo ni nyeupe. Hakuna K hata moja. Nikasema nimepumzika, mwili ulikuwa umechoka. Agosti ziwa likafunguliwa, na ndani ya wiki moja K zikarudi kama wadai.

Oktoba nilishikwa na mafua. Nikaenda duka la dawa, nikanunua vile vidonge vya mafua vya kila siku, vinavyokausha pua na kukulewesha kidogo. Nikameza viwili mchana na viwili jioni. Jioni hiyo umeme ukakatika, nikakaa kusahihisha madaftari ya kidato cha pili kwa tochi ya simu. Kufikia saa tatu usiku nilikuwa sioni mistari. Jicho la kulia limeingia ukungu mzito, mwali wa simu umekuwa gurudumu la rangi, na maumivu hayakuwa ya kichwa tena, yalikuwa ya kitu kinachotaka kupasuka. Nikatapika. Nikatapika tena. Mwanangu mkubwa aliniambia, "Mama, jicho lako ni jekundu na katikati limekuwa kubwa, halitikisiki."

Kwenye kituo tulichokimbilia usiku ule (sitakitaja, na waliokuwapo walikuwa wawili kwa foleni ya watu thelathini) walichoona ni mwanamke anayetapika. Nikachomwa sindano ya kutuliza tumbo linalosokota. Baadaye nilikuja kujua kwamba baadhi ya dawa za namna hiyo hupanua mboni, na kupanua mboni ndicho kitu cha mwisho nilichokuwa nahitaji. Asubuhi, nikiwa sijalala hata lepe, nikapelekwa kwa daktari wa macho. Dada mdogo tu, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Aliligusa jicho juu ya kope kwa vidole viwili, moja kisha jingine, kama mtu anayechagua parachichi, akasema: "Hili limekuwa jiwe." Ndipo akachukua mashine. Presha ya jicho la kawaida huwa kati ya 10 na 21, kwa vipimo vya milimita za zebaki. La kushoto lilisoma 19. La kulia 54.

Hapo nilipewa kila kitu kwa pamoja: dripu, matone ya aina mbili, na vidonge vya asetazolamaidi ambavyo vinakupeleka chooni kila nusu saa, vinafanya ncha za vidole zichezewe na sisimizi, na vinaharibu soda. Soda inapoteza ule ukali wake, inakuwa maji ya sukari yaliyolala. Mume wangu aliniletea soda ya baridi kunipoza nikamwambia amenunua ya zamani. Masikini, akarudi dukani kugombana.

Presha iliposhuka ndipo yule daktari aliponieleza, na kwa kuwa aliuliza nafundisha nini, alinieleza kwa ziwa.

Jicho lina maji yake, alisema. Si machozi, machozi ni ya nje. Haya yanatengenezwa ndani, nyuma ya irisi, na irisi ndiyo ile duara yenye rangi inayoizunguka mboni. Yanapita kwenye tundu la mboni, yanafika chumba cha mbele, kisha yanatafuta njia ya kutokea pembezoni kabisa, kwenye kona ambako irisi inakutana na kioo cha mbele cha jicho. Kona hiyo ina wavu, na nyuma ya wavu kuna mfereji unaoitwa kwa jina la Mjerumani Friedrich Schlemm aliyeueleza mwaka 1830. Maji yenyewe ni kidogo hata aibu kuyataja: maikrolita mbili hadi tatu kwa dakika. Ukitaka kujaza tone moja la dawa ya macho utasubiri robo saa au zaidi. Lakini hayasimami. Yanapungua ukilala, hayasimami.

"Sasa Tanganyika ina mito mingapi inayoingia?" akaniuliza.

Mingi. Malagarasi kwa upande wetu, Ruzizi kutoka kaskazini, na vijito visivyohesabika.

"Na inayotoka?"

Mmoja. Lukuga, ng'ambo, upande wa Kongo.

Hakuniambia zaidi. Mwalimu wa jiografia Kigoma haambiwi habari za Lukuga. Wapelelezi Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 na wakaondoka bila kujua kama Ruzizi unaingia au unatoka. Livingstone na Stanley ndio waliokwenda kuhakikisha mwaka 1871 kwamba unaingia. Cameron aliufikia Lukuga mwaka 1874. Stanley alipoukuta miaka miwili baadaye ulikuwa umezibwa na tope na mafunjo, na ziwa lilikuwa linapanda, linakula miti ya pwani. Mwishoni mwa muongo ule kizibo kikaachia, maji yakatoka kwa nguvu, na ziwa likashuka mita kadhaa. Ndiyo maana leo ukienda pale Ujiji kwenye mnara wa Livingstone unashangaa ziwa liko wapi. Halikuzidi kwa sababu mvua ilikuwa nyingi tu. Mlango ulikuwa umefungwa.

(Mfano huu unachechemea mahali pamoja na wanafunzi wangu wangenikamata: maji mengi ya Tanganyika huondoka kwa kunywewa na jua, si kwa Lukuga. Jicho halina jua la kulinywea maji. Kwa hiyo mlango wake ukifungwa ni balaa zaidi.)

Na katika habari za Speke kuna kitu nilikuwa nakifundisha miaka yote kama kichekesho: alipofika ukingoni mwa ziwa hili hakuliona vizuri, macho yalikuwa yanaumwa karibu apofuke. Siku hizi sikisimulii kwa kucheka.

Nikaandikiwa rufaa kwenda Dar es Salaam kwa leza. Treni, siku mbili, jicho likiwa na kitambaa. Leza yenyewe ni dakika chache. Unatiwa tone la ganzi, unawekewa lenzi kwenye jicho, na kila mpigo una sauti ya "tak" na mchomo mdogo kama wa unyoya wa nungunungu. Wanatoboa tundu dogo kwenye irisi, juu, chini ya kope ambako halitaonekana. Wazo lake ni la zamani kuliko leza. Albrecht von Graefe wa Berlin ndiye aliyechapisha mwaka 1857 kwamba ukikata kipande cha irisi unaweza kuokoa jicho lenye presha ya aina hii, yaani mwaka ule ule msafara wa Burton na Speke ulipoondoka pwani kuja huku. Maji yakikwama nyuma ya irisi huisukuma mbele kama tanga likijaa upepo, na tanga hilo linaziba kona. Toboa tanga, upepo unapita, linalegea, kona inafunguka. Wakanitoboa macho yote mawili, maana la kushoto lilikuwa na umbo lile lile. Nikaambiwa: "Umepona, mama. Nenda salama."

Na wengi wenye glakoma ya kona kufunga, ndilo jina la ugonjwa huu wa presha ya jicho, hupona namna hiyo. Siwadharau walionitibu. Tundu lilikuwa mahali pake, limefunguka, na ilibidi litobolewe kabla ya lolote jingine.

Nilirudi mwaloni Desemba. Januari 2025, siku ya tatu ya giza, nikainua macho nikaona taa. Pete zilikuwa pale pale.

Nilikaa chini kwenye mchanga. Mama Shukuru akadhani nimezimia. Nilichokuwa nacho ni hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani. Nikaandika K. Wiki ile niliandika nne. Nilipokwenda kupimwa, mchana, presha ilikuwa 17. Mtu akaniambia kwa upole kwamba wakati mwingine mgonjwa akishaogopa huanza kusikia maumivu yasiyokuwepo. Mwingine alimulika jicho kwa tochi kutoka ubavuni, akaona chumba cha mbele kina kina cha kutosha, akasema hakuna kona iliyobanwa hapo. Na tochi haikudanganya. Ndiyo hila ya jicho langu, kwamba katikati ni zuri.

Yule dada daktari wa hapa Kigoma ndiye hakuridhika. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Mwalimu, mimi nakuamini, ila vifaa vyangu vimeishia hapa." Akaandika rufaa ya pili, kwa mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa wa makamo, mwembamba, anaongea polepole kama fundi saa. Hakuniuliza linauma kiasi gani. Wote walikuwa wameniuliza hivyo, kati ya moja na kumi, na mimi nilikuwa sijui kumi ni nini. Yeye aliuliza:

"Linauma saa ngapi?"

Zaidi ya miaka miwili, na hilo swali sikuwa nimelisikia. Nikafungua mkoba nikatoa daftari la dagaa. Lilikuwa linanuka. Akalipokea kwa mikono miwili, akalifungua, akavaa miwani, akasoma kama mtu anayekagua hesabu za kikundi.

"Hii K ni kilo?"

"Ni kichwa, dokta."

Akaendelea. Akafika mahali akaweka kidole. "Hapa zinakuja kwa mafungu. Siku kumi zimejaa, siku kumi hakuna. Kwa nini?"

"Mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, wavuvi hawatoki. Nisipoenda mwaloni naamka mchana."

"Na hapa? Mei mpaka Agosti?"

"Ziwa lilifungwa."

Akavua miwani. Akamwambia muuguzi, "Zima taa. Zote. Na funga pazia lile."

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye habari yote. Kona ya jicho haionekani kwa kuitazama tu, hata kwa darubini nzuri, kwa kuwa mwanga unaotoka kwenye kona unarudishwa ndani na kioo cha jicho lenyewe. Lazima uweke juu ya jicho lenzi yenye vioo vya pembeni, kadogo kama kifuniko cha chupa, kisha utazame kona kupitia kioo kama dereva anayetazama nyuma. Nilikuwa nimewekewa lenzi hiyo kabla, lakini katika chumba chenye taa. Taa inaibana mboni, mboni ikibanwa irisi inavutika kuelekea katikati, na kona inafunguka. Kwa maneno mengine, kila aliyenichunguza alikuwa ananitibu kwanza kwa taa yake, kisha anaandika kwamba sina ugonjwa. Yeye alitumia mwanga mwembamba kama uzi, akaukwepesha usiingie kwenye mboni, akasubiri. Dakika nyingi. Nasikia feni tu na pumzi zake. Kisha akaibonyeza ile lenzi juu ya jicho, taratibu.

"Nundu mbili," akasema. Akamwita daktari mwanafunzi. "Njoo utazame. Umeona ngamia?"

Irisi ya kawaida iliyobanwa, ukibonyeza jicho namna ile, inarudi nyuma yote. Yangu ilirudi nyuma kwenye sehemu moja tu. Katikati ilipanda kilima kwa sababu imelalia lenzi ya jicho, na pembezoni kabisa ilibaki kilima kingine, kwa sababu kuna kitu kinaishikilia kwa nyuma. Kitu hicho ni vile viungo vinavyotengeneza maji. Kwa wengi vimekaa nyuma. Kwangu, tangu kuumbwa, vimekaa mbele, vimeuegemea mzizi wa irisi kama miti inayoshikilia ukuta usianguke. Irisi inatandazika tambarare, chumba kinaonekana kina nafasi, halafu ukifika ukingoni inaporomoka ghafla na kona inabaki ufa.

"Tunaiita irisi ya plato," akasema.

Nilicheka, nikashindwa kujizuia. Plato ni uwanda wa juu. Miaka kumi na minne nachora uwanda wa juu ubaoni. Nawaambia watoto: pandeni treni Tabora mje huku, mtaona nchi tambarare ya miombo saa nzima baada ya saa nyingine, mpaka mnasahau kuna kitu kinaitwa mlima, halafu mwishoni ardhi inaanguka na chini kuna ziwa. Nilikuwa nimeibeba machoni.

Si ugonjwa wa wengi. Jina la plato liliingia kwenye maandishi ya madaktari mwaka 1958 kwa mkono wa mtu anayeitwa Törnquist, na ile habari ya miti inayoegemeza ilibaki maelezo mpaka Charles Pavlin na wenzake wa Toronto walipoipiga picha kwa mawimbi ya sauti na kuichapisha mwaka 1992. Huwapata zaidi wanawake, na wenye umri mdogo kuliko wagonjwa wengine wa kona kufunga. Gizani mboni inapanuka, irisi inarundikana pembezoni kama pazia lililovutwa likajaa kwenye kona ya dirisha, na rundo hilo linaufunika wavu. Maji yanaendelea kuja. Presha inapanda, kioo cha mbele kinavimba maji, na kioo kilichovimba ndicho kinachoivunja taa kuwa rangi. Pete zangu hazikuwa za ziwa.

Tundu la leza halikuwa na la kufanya hapo. Tundu linasaidia tanga lililojaa upepo. Langu lilikuwa limeegemezwa miti.

Basi kukawa na leza ya pili, ya namna nyingine. Hii haitoboi. Inachoma kidogo kidogo kuzunguka ukingo wa irisi, na kila palipochomwa panasinyaa kama nailoni ikisogezwa karibu na moto. Kusinyaa huko kunauvuta mzizi wa irisi utoke kwenye wavu. Mwanga wa kijani, tena, tena. Nilihesabu mpaka ishirini na nne nikapoteza hesabu. Jioni yake jicho liliuma kama limetiwa mchanga, siku ya tatu likatulia.

Na nikapewa pilokapini, matone, kwa usiku ninaokwenda mwaloni. Ni dawa inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili na imekuwa ikitumika kwa presha ya macho tangu miaka ya 1870. Inaibana mboni ikawa kama alama ya kalamu. Wiki ya kwanza nyusi ziliuma mpaka nikataka kuiacha. Na gizani naona hafifu, kwa hiyo sasa naenda mwaloni na tochi ya kichwani, wavuvi wananiita mchimba madini. "Mwalimu, leo umepata dhahabu?" Sijali. Presha yangu ya mwisho ilikuwa 16 na 15, na zilipimwa baada ya kukaa gizani nusu saa, kwa ombi langu.

Kuna sehemu ya jicho la kulia ambayo haitarudi. Kipimo cha kutazama vinukta kilionesha doa upande wa juu, karibu na pua. Silioni kwa sababu jicho la kushoto linanifichia. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haufufuki, na wangu ulikufa kidogo usiku ule wa Oktoba, labda kidogo pia katika zile K zote. Nikilifikiria hilo nikiwa peke yangu huwa nafunga jicho la kushoto, nalitafuta doa, halafu najilaumu kwa kulitafuta.

Boksi la vile vidonge vya mafua bado ninalo. Kwenye karatasi ya ndani, kwa herufi za kusomwa na mchwa, imeandikwa mwenye glakoma ya pembe finyu, ndiyo kona ile ile, asitumie. Onyo hilo linamfaa anayejua tayari. Sasa nina kikaratasi kwenye mkoba kinachotaja mafua, tumbo linalosokota, kichefuchefu cha safari, baadhi ya dawa za sonona, na matone ya kupanua mboni, na ninakitoa kabla sijaulizwa.

Daktari alinitaka niwalete ndugu zangu wa damu, kwa kuwa umbo hili hutembea kwenye koo. Mama yetu alifariki zamani. Tunachokumbuka ni kitambaa chake cha kichwani alichokifunga kwa kukaza kila jioni, na sisi tukitembea kwa ncha za vidole. Kaka yangu alikwenda, akachunguzwa, akakutwa hana. Mdogo wangu wa kike, fundi cherehani Kasulu, alikataa. "Dada, mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mimi wa nini huko?"

Alikuja likizo ya Desemba iliyopita. Tulikaa barazani usiku, umeme ulikuwa umekatika, watoto wamelala, na chini kule ziwa limewaka. Akaniuliza kama ni kweli nimepona. Nikamwambia pete zimekwisha.

"Yaani sasa taa unazionaje?"

"Kama taa."

"Tupu tu? Bila rangi?"

"Tupu."

Akanyamaza. Alikuwa anatazama ziwa, mkono mmoja umeshika paji la uso.

"Mimi nilijua taa za usiku ndivyo zilivyo," akasema.

Nikaingia ndani kutafuta daftari jipya.